Niliapa sitakuwa kama baba: akili fiche ina mkono gani katika haiba ya mtu?

Swali limetoka kwa mwalimu wa sekondari mkoani Tanga. Nimelifupisha kidogo:

"Daktari, shikamoo. Marehemu baba yangu hakuwahi kutupiga wala kumtukana mama. Akiudhiwa alinuna tu. Alisusa chakula, akahamia barazani na redio yake, na kimya hicho kiliweza kumaliza wiki. Usiku mama alifunika sahani kwa kawa, asubuhi anaikuta vilevile. Nilipokuwa darasa la sita niliapa kwamba nikioa, sitamfanyia mtu hivyo. Sasa nina miaka 38, nina mke na mtoto wa kiume wa miaka 6. Juzi mke wangu ameniambia, 'Wewe ni baba yako mtupu.' Nilitaka kumjibu, nikajikuta nimenyamaza siku tatu. Chuoni tulisoma Freud: idi, ego, supaego, tukafanya mtihani, tukasahau. Wenzangu wananiambia alishapitwa na wakati. Je, kweli kuna akili fiche inayoniendesha? Na kama haiba inakamilika mtu akiwa na miaka 5, kuna la kufanya tena? Naogopa, maana mtoto naye ameanza kususa."

Marahaba, Mwalimu. Nianze na jibu lenyewe, usije ukasoma yote haya roho juu. Ndiyo, mengi unayoyafanya ukiudhiwa yanaanza kabla hujajua kwamba umeudhika, na kwa hilo Freud hakukosea. Haiba, yaani tabia na hulka ya mtu, haikamiliki akiwa na miaka 5. Hapo alitia chumvi. Na kiapo chako hakikuvunjika kwa sababu wewe ni dhaifu au mnafiki. Uliapa kuacha tendo, yaani kunyamaza na kususa, wakati kilichoingia ndani yako ni njia nzima ya kushughulika na hasira. Njia hiyo hukuwahi kuiona kwa macho, kwa hiyo hukuweza kuiapia.

Tumalize kwanza habari ya mtihani. Wengi waliosoma Freud chuoni hubaki na picha ya watu watatu wanaogombana kichwani: idi mwenye tamaa, supaego mwenye fimbo, na ego katikati akisuluhisha. Halafu wanadhani akili fiche, ile ambayo walimu wa fasihi huiita ung'amuzibwete, ndiyo idi, na kwamba ego ndiyo sehemu inayojitambua. Sivyo. Ukielewa kwa nini sivyo, nusu ya swali lako imejibika.

Sigmund Freud (1856–1939) alianza kama daktari wa mishipa ya fahamu mjini Vienna. Mwaka 1885 alikwenda Paris, kwenye hospitali ya Salpêtrière, kujifunza kwa daktari Jean-Martin Charcot. Huko alikuta wagonjwa waliopooza mkono au mguu ilhali neva zao ni nzima. Charcot aliweza kumtia mtu katika usingizi wa hipnosi, akamwambia mkono wako umepooza, na mkono ukapooza kweli. Freud akarudi nyumbani na swali: kama wazo linaweza kuupooza mkono bila mwenye mkono kujua kwamba analo, basi wazo hilo linakaa wapi? Kitabu alichoandika na daktari mwenzake Josef Breuer mwaka 1895, kile cha ndoto kilichotoka mwishoni mwa 1899 kikiwa na chapa ya 1900, na insha yake ya 1915 kuhusu akili fiche, vyote vinalizunguka swali hilo.

Katika insha hiyo alitenganisha mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Jina la mwalimu wako wa darasa la kwanza halikuwa akilini mwako dakika moja iliyopita, lakini sasa nimelitaja na pengine limeshakuja. Hilo halikumsumbua Freud. Kilichomshughulisha ni kile ambacho hata ukiulizwa hakiji, kwa sababu kuna nguvu inayokizuia. Katika mihadhara yake alitumia mfano wa mlinzi aliyesimama kati ya vyumba viwili, akiwakagua wanaotaka kupita.

Kisha akakwama na mlinzi mwenyewe. Wagonjwa walikuja kwa hiari yao, wakalipa, wakataka kupona. Lakini mazungumzo yakikaribia panapouma walibadilisha mada, au walisema leo hawana la kusema, au walichelewa siku inayofuata. Walipoulizwa kwa nini, walishangaa kwa dhati. Hawakujua kabisa kwamba wanakwepa. Kumbe mlinzi naye alikuwa anafanya kazi gizani. Ndiyo maana mwaka 1923 Freud aliipanga upya nadharia yake, akaja na idi, ego na supaego, akasisitiza kwamba sehemu kubwa ya ego yenyewe ni fiche. Ego ndiyo inayokabiliana na dunia, ndiyo inayosema "mimi", na bado haijui mengi ya inayoyafanya.

Kwa hiyo usitafute mnyama aliyefungiwa ndani yako. Kununa kwako ni kazi ya ego. Ni kinga, na naamini iliwahi kukufaa.

Nikupe kisa, maana nadharia hii bila kisa haishiki. Oktoba 1907 mwanasheria kijana alianza kwenda kwa Freud, nyumba namba 19 mtaa wa Berggasse. Alisumbuliwa na mawazo ambayo yeye mwenyewe aliyaona ya kipuuzi ila hakuweza kuyaacha. Vitabuni anajulikana kama Mtu wa Panya, kwa sababu ya adhabu moja ya kutisha aliyosimuliwa jeshini. Adhabu hiyo ndiyo watu wanaikumbuka. Mimi hurudi zaidi kwenye jiwe. Siku mpenzi wake alipokuwa anaondoka, kijana huyu aligonga mguu kwenye jiwe barabarani. Akajihisi analazimika kulitoa njiani na kuliweka pembeni, kwa kuwa gari la farasi la mpenzi wake lingepita hapo baada ya saa chache, lisije likapata ajali. Dakika chache baadaye akajiambia huu ni upuuzi. Ikambidi arudi, alichukue jiwe pembeni, na alirudishe palepale katikati ya barabara.

Ukisikia haraka haraka utasema tendo la kwanza ni la wasiwasi na la pili ni la mtu aliyerudiwa na akili zake. Freud hakukubali. Aliyerudiwa na akili angeliacha jiwe lilipo na kwenda zake. Kulirudisha katikati ya njia atakayopita unayempenda ni hasira iliyovaa kanzu ya busara. Kijana alijua vizuri kwamba anampenda yule binti. Asichokijua ni kwamba pia alikuwa na kinyongo naye, na kinyongo kilipokosa mdomo kilipitia miguuni na mikononi.

Sasa kaa utazame kususa kwenu, wewe na marehemu. Mtu anayesusa anafanya mambo mawili kwa pamoja. Anamkinga mwenzake na maneno makali: hatukani, hapigi, hapazi sauti. Na papo hapo anamwadhibu barabara. Kuacha chakula alichokupikia mtu kikalala chini ya kawa ni pigo, na uzuri wake kwa mpigaji ni kwamba hakuna wa kumshtaki. "Nimefanya nini? Si nimekaa zangu kimya?" Nakisia baba yako angeweza kuapa kwamba yeye ni mtu wa amani, na angeapa kwa moyo safi. Hapo ndipo akili fiche ilipo. Hakuna sanduku la siri chini kabisa ya moyo. Kuna tendo linalofanyika mchana kweupe, watu wote wa nyumba wanaliona, na mtendaji peke yake ndiye asiyejua linasema nini.

Lakini kwa nini wewe? Uliona ubaya wake, uliuchukia, ukaapa. Albert Bandura, mwanasaikolojia aliyefanya majaribio mashuhuri ya watoto na mwanasesere kule Stanford mwaka 1961, angesema mtoto hujifunza kwa kuona, na wewe nyumbani hukuona njia nyingine. Ana haki kiasi. Pale barazani hapakuwa na mtu aliyewahi kukuonyesha jinsi hasira inavyosemwa, ikajibiwa, ikaisha, watu wakala. Ila kuiga peke yake hakutoshi kueleza kwa nini ukachukua jambo lilelile ulilolikataa, tena kwa miaka bila kujiona.

Binti yake Freud, Anna Freud, alitoa kitabu mwaka 1936 kuhusu kinga za ego. Humo kuna msichana mdogo aliyeogopa kupita ukumbini gizani kwa sababu ya mizimu. Ghafla akaanza kupita, huku akifanya ishara za ajabu ajabu kwa mwili wake. Baadaye akamfichulia mdogo wake wa kiume siri yake: huna haja ya kuogopa ukumbini, jifanye tu wewe ndiye mzimu ambao ungekutana nao. Anna Freud aliita hali hii kujifananisha na mtesaji. Sikupenda kulitumia neno mtesaji kwa marehemu, ila angalia hali ilivyokuwa. Mtoto wa darasa la sita anatembea kwa kunyata ndani ya nyumba, anapima uso wa baba, hajui kimya kitaisha Jumatano au Jumapili. Katika kimya kile kuna nafasi mbili tu: ya anayenyamaza na ya anayengojea. Anayengojea hana nguvu yoyote. Ulipokuwa mtu mzima na nafasi hizo mbili zikafunguka tena mbele yako, mwili wako ulichagua ile ambayo haiumi. Freud aliandika mwaka 1914 kwamba yale mtu asiyoweza kuyakumbuka huyatenda, bila kujua kwamba anayarudia. Wewe unakumbuka ya baba. Ya yule mtoto anayengojea sina hakika.

Na hili nalitoa kwenye barua yako yenyewe. Imeanza kwa kumtetea baba: hakupiga, hakutukana. Kisha ukaeleza alichofanya yeye, ukaeleza alichofanya mama na kawa lake. Wewe ulikuwa wapi? Ulikula? Ulilala? Ulimchukia nani, baba kwa kununa au mama kwa kubembeleza? Hakuna neno, mpaka tunafika kwenye kiapo. Sisemi umeficha kwa makusudi. Nasema barua nayo ina mlinzi wake.

Sasa tuwasikilize wenzako wanaosema Freud alishapitwa, kwa sababu wana hoja, na mimi mengi ya Freud siyashiki. Mgonjwa maarufu wa mwanzo kabisa, aliyepewa jina la Anna O., alitibiwa na Breuer kati ya 1880 na 1882. Kitabu cha 1895 kinamwonyesha kama mtu aliyepona. Mwanahistoria Henri Ellenberger alichapisha mwaka 1972 nyaraka zinazoonyesha kwamba mara tu baada ya tiba hiyo alilazwa kwenye sanatoria ya Kreuzlingen, Uswisi. Jina lake halisi lilikuwa Bertha Pappenheim, na baadaye alikuja kuwa kiongozi mkubwa wa kazi za ustawi wa jamii Ujerumani, akaasisi umoja wa wanawake wa Kiyahudi mwaka 1904. Alipona, ila si kama kitabu kinavyosimulia.

Halafu kuna mtoto Hans, wa miaka 5, aliyeogopa farasi. Kisa chake kilichapishwa 1909 kama ushahidi wa dai kwamba kila mtoto wa kiume humwonea baba wivu kwa sababu ya mama na kumwogopa kwa ajili hiyo. Farasi, akasema Freud, ni baba. Lakini katika tiba nzima Freud alimwona mtoto huyo mara moja. Aliyemhoji na kuandika ni baba yake, ambaye alikuwa mfuasi wa Freud na tayari alijua jibu analolitafuta. Na mtoto mwenyewe alikuwa amesema kwamba alimwona farasi mkubwa wa basi akianguka barabarani. Mimi ningeanzia hapo.

Mwanafalsafa Karl Popper alilalamika kwamba nadharia ya namna hii haishindwi kamwe: ukimchukia baba imethibitika, ukimpenda kupita kiasi umeigandamiza chuki, imethibitika pia. Ni lalamiko la haki, na mtaalamu yeyote anayekueleza maana ya kununa kwako bila kukuachia nafasi ya kusema "hapana, sivyo" anastahili kukimbiwa. Hata mimi, haya ya jiwe na mzimu nayaleta kama makisio. Wewe ndiye wa kuyapima. Yale ya Freud kuhusu wanawake, na dai kwamba matamanio ya mwili ndiyo mzizi wa karibu kila kitu, sitapoteza muda wako nayo.

Kilichobaki hai ni kiini chenyewe, na kinaungwa mkono na watu ambao hawakuwa wafuasi wa Freud hata kidogo. Mwaka 1911 daktari wa Geneva, Édouard Claparède, aliandika habari za mgonjwa wake wa kike aliyepoteza uwezo wa kuweka kumbukumbu mpya. Kila walipoonana ilibidi waanze upya. Siku moja Claparède akaficha pini kati ya vidole, akampa mkono, ikamchoma. Muda mfupi baadaye mama yule alikuwa amekwisha kusahau. Lakini daktari alipomnyooshea mkono tena, aliurudisha wake nyuma. Alipoulizwa sababu alijibu kwa swali: kwani mtu haruhusiwi kuurudisha mkono wake? Alipobanwa zaidi akasema huenda mkononi mna pini, kwa kuwa wakati mwingine watu huficha pini mikononi. Mkono ulijua. Mwenye mkono hakujua, akatunga sababu palepale, sababu inayosikika vizuri. Jaribio lenyewe leo lisingepita mbele ya kamati yoyote ya maadili.

Niwe mkweli kuhusu tofauti moja. Akili fiche iliyothibitishwa maabara kwa wingi ni ya aina ya pini: mazoea, hofu na matarajio yaliyojengeka bila maneno. Ile ya mlinzi, inayozuia kwa sababu kuna maumivu, ni ngumu zaidi kuithibitisha. Kwa mtu kama wewe nadhani zote mbili zipo, na ya pini ndiyo kubwa.

Utafiti ulionisaidia zaidi kuwaelewa watu wanaonyamaza ulianzia karibu na kwetu, Uganda. John Bowlby alikuwa daktari wa London aliyesomea uchanganuzi nafsi, yaani tiba ya mazungumzo aliyoianzisha Freud, akagombana na wenzake kwa kusisitiza kwamba yaliyomtokea mtoto kweli yana uzito kuliko njozi zake. Mary Ainsworth, aliyefanya kazi naye, alihamia Kampala mwaka 1954 kwa sababu mumewe alipata kazi kwenye taasisi ya utafiti wa jamii pale Makerere. Akaamua kuwafuatilia akina mama 26 na watoto wao wachanga katika vijiji vya jirani, akiwatembelea majumbani kila baada ya wiki mbili kwa miezi mingi, akiangalia tu: mtoto anatambaa mbali na mama kiasi gani, anageuka kumtazama lini, analia nani akiondoka. Kitabu chake kilitoka 1967. Jambo moja alilogundua lina uzuri wake. Akina mama waliojua kumweleza mtoto wao kwa undani, anapenda nini, anashtushwa na nini, ndio ambao watoto wao walikuwa watulivu na wenye kujiamini zaidi.

Baadaye, Baltimore, Ainsworth alitengeneza kipimo kifupi: mama na mtoto wa mwaka 1 wanaingia chumba kigeni, mama anatoka, anarudi. Watoto wengi hulia, kisha mama akirudi hubembelezwa, wakatulia. Lakini wapo wasiolia. Mama akitoka wanaendelea na midoli, akirudi wanageuza uso pembeni, utadhani hawajali. Mwaka 1977 Alan Sroufe na Everett Waters walionyesha kwamba mioyo ya watoto hawa waliotulia ilikuwa inakwenda mbio. Na Ainsworth alipowatazama majumbani kwao, aliona kwamba mara nyingi hawa ndio waliosukumwa pembeni walipotaka kupakatwa.

Mtoto wa mwaka 1 hana maneno, hajui kuapa, hana siri ya kuficha. Lakini tayari ana msimamo: hapa kwetu, ukihitaji kitu usikionyeshe. Hiyo ndiyo haiba inavyoanza kushika umbo, na ndiyo maana mtu mzima anayenuna husema kwa dhati kabisa "mimi sina tatizo" huku moyo unamwenda mbio. Siku zile tatu, kabla hujanyamaza, kifua kilikuwaje? Taya je? Umeandika "nilitaka kumjibu, nikajikuta nimenyamaza". Kati ya kutaka na kujikuta kuna sekunde kadhaa ambazo hazimo kwenye barua. Kazi yako yote iko mle.

Sasa lile la miaka 5. Kule Minnesota, tangu katikati ya miaka ya 1970, watafiti waliwafuata watoto wa familia maskini tangu tumboni mpaka utu uzima. Ya utotoni yaliacha alama, lakini mwelekeo ulibadilika maisha ya familia yalipobadilika, kwa heri au kwa shari. Kinachokuhusu zaidi ni kazi ya Mary Main na wanafunzi wake kule Berkeley, California, miaka ya 1980. Waliandaa mahojiano na watu wazima kuhusu utoto wao. Unaombwa maneno 5 yanayoeleza uhusiano wako na mzazi, kisha kwa kila neno unaombwa tukio. Mmoja atasema "baba mwenye upendo", ukimwomba tukio anajibu, "Aa, alikuwa mwema tu, sikumbuki vizuri." Mwingine atasema "mkali", kisha atakupa siku, mahali, alichovaa baba, yeye alivyojisikia, na hata kwa nini sasa anadhani baba alikuwa vile. Anayehoji hapimi kama utoto ulikuwa mzuri. Anapima kama simulizi inashikana. Na mwaka 1991 Peter Fonagy, Miriam Steele na Howard Steele waliripoti kutoka London kwamba walipowahoji hivyo karibu wanawake 100 wenye mimba ya kwanza, waliweza kutabiri kwa takriban robo tatu yao jinsi mtoto ambaye hajazaliwa atakavyokuwa na mama yake akifikisha mwaka. Kuna watu waliopitia utoto mgumu na bado simulizi yao imenyooka, na watoto wao wakawa salama. Kwa hiyo kuna la kufanya, na linaanza na kusimulia.

Fanya hivi. Chukua daftari usiku, andika maneno 5 kuhusu wewe na baba. Usiandike ya sifa za msiba. Kwa kila neno andika tukio moja lenye mahali na saa, na katika kila tukio jiweke mwenyewe ndani: ulisimama wapi, ulitaka nini, ulifanya nini na hicho ulichotaka. Neno litakalokosa tukio liwekee alama, usilazimishe. Baada ya hapo mkeo ndiye msikilizaji wa kwanza, kama yuko tayari. Usimwahidi kwamba hutanuna tena. Umeshaapa mara moja na tumeona. Mwambie hivi: "Nikinyamaza, ujue nimeudhika na sijapata maneno. Nipe mpaka jioni, nitarudi mwenyewe." Kisha rudi, hata kama unachokuja nacho ni sentensi moja mbovu.

Kwa mtoto usiwe na hofu kubwa. Kususa kwa miaka 6 ni kawaida, na kwa baba anayejiona ndani ya mtoto kunaonekana kukubwa kuliko kulivyo. Usimbembeleze kwa soda, na wewe usimsusie. Mwambie unachokiona: "Umekasirika kwa sababu nimezima runinga. Chakula chako kipo, ukiwa tayari njoo tule." Akija, usimkumbushe. Edward Tronick, aliyechunguza kwa miaka mingi jinsi mama na mtoto mchanga wanavyochezeana nyuso, alionyesha kwamba hata wanaopendana vizuri hupoteana sehemu kubwa ya muda. Tofauti iko kwenye kurudiana.

Ukitaka mtu wa kukusindikiza, muulize mwanasaikolojia tiba wa hospitali ya mkoa au rufaa, na muulize waziwazi anafanyaje kazi. Uchanganuzi nafsi wa kulala kwenye kochi mara nne au tano kwa wiki huku kwetu ni nadra kuupata, na huuhitaji. Ipo tiba fupi iliyotokana nao, ya kuonana mara moja kwa wiki. Majaribio ya kitabibu yameonyesha inasaidia, hasa kwa sonona, ingawa haijathibitika kuwa bora kuliko tiba nyingine nzuri za mazungumzo. Na kama kimya chako kinaandamana na kukosa usingizi, kukonda, kutotamani lolote kwa wiki mbili au zaidi, au mawazo ya kutaka kufa, basi acha daftari na nenda hospitali kwanza.

Kuna jambo moja hukulitaja, nami nalihitaji kabla sijasema zaidi. Mwaka 1917 Freud alichapisha insha kuhusu msiba. Aliona kwamba mtu aliyefiwa na mpendwa ambaye pia alikuwa na kinyongo naye wakati mwingine hamwachi marehemu aende. Anamchukua na kumweka ndani yake, akaanza kuwa kama yeye. Hukuniambia baba alifariki lini. Ukiniandikia tena, anza na hilo: mwaka aliofariki, kama ulilia au hukulia, na muulize mkeo ni tangu lini hasa alianza kukuona unanuna.